Picha imeuzwa, lakini pesa iko wapi?

Ujumbe uliingia Jumamosi usiku, baada ya sala ya isha. "Habari dada. Mke wangu ameona picha zako mtandaoni, hasa ule mlango wenye ukuta wa bluu. Tunahamia nyumba mpya mwezi ujao na ninataka kumpa zawadi asiyoitarajia. Bado unauza? Bei gani?" Kiswahili chake kilikuwa cha mashine, kimenyooka kupita kiasi. Lakini nani anayekagua sarufi ya mtu anayetaka kununua?

Aliyeupokea ni msichana wa miaka 23 anayeishi Amani, si mbali na uwanja wa mpira, pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Anachora milango ya Mji Mkongwe, ile yenye misumari ya shaba na maua ya kuchonga. Anachorea sebuleni mchana, wadogo wakiwa skuli, kisha anapiga picha kwa simu na kuziweka Instagram, kwa kuwa hana duka Hurumzi wala pa kutundika kazi zake Forodhani. Mlango wa ukuta wa bluu ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote, na ilikuwa imeegemea ukutani kwa miezi minne. Akataja Sh900,000, akitegemea ataombwa apunguze hadi nusu.

Mteja hakuomba punguzo hata la shilingi moja.

Mzazi aisome sentensi hiyo mara ya pili. Hapa Unguja hata fungu la embe Darajani haliuzwi bila maneno mawili matatu. Mtu anayenunua kitu cha laki tisa, hajawahi kukishika, haulizi kina urefu gani wala kimechorwa kwenye kitambaa au kwenye ubao, huyo hana haja na picha. Kuna kitu kingine anachokitafuta.

Jumatatu ikaja risiti ya benki, kwa picha. Ilikuwa na nembo, muhuri na namba ndefu, na ilionyesha Sh1,650,000 zimetumwa kwenye akaunti ya msichana. Maelezo yakafuata. Ile ziada ya Sh750,000 ni ya wakala wa mizigo atakayekuja kuichukua picha. Wakala huyo hapokei pesa kutoka nje, kwa hiyo "tafadhali dada, mtumie wewe kwa simu, namba hii hapa." Benki, akaongeza, huchukua siku mbili tatu kuonyesha pesa za nje, lakini nafasi kwenye kontena ipo mpaka Jumatano tu.

Msichana alikuwa na Sh120,000 kwenye simu. Mama yake alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo wiki hiyo, Sh400,000 alizoziweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Mama aliuliza swali moja kabla ya kutoa: "Pesa zako zimeshaingia, mwanangu?"

"Zimeingia mama. Risiti hii hapa."

Mama akatazama simu, akaona nembo anayoijua na tarakimu nyingi, akatoa Sh280,000. Jioni hiyo Sh400,000 zikatumwa kwa wakala, na Sh350,000 zilizobaki zikaahidiwa kwa siku ya pili yake.

Swali la mama lilikuwa sahihi kabisa. Jibu ndilo lilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ni ndogo kiasi kwamba watu wazima waliosoma huianguka kila siku. Risiti ni karatasi inayosema kwamba mtu fulani ametuma. Picha ya risiti ni kidogo zaidi ya hapo, ni picha tu, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza kwa dakika kumi. Pesa imeingia pale salio lako linapoongezeka, ukilitazama wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye akaunti yako. Kabla ya hapo hakuna kilichoingia.

Jumanne msichana alikwenda kwa mjomba wake, ambaye ana kibanda cha uwakala wa pesa Mwanakwerekwe, kukopa zile Sh350,000. Mjomba hakuuliza mteja ni nani wala anatoka wapi. Alisema tu, "Hebu fungua akaunti yako, mjomba nione salio." Lilikuwa Sh14,000, zile zile za mwezi uliopita. Hakugomba. Alichukua simu, akapiga 100, namba ya huduma kwa wateja, akataja namba iliyotumiwa pesa na muda wake. Jibu likawa kwamba pesa zimeshatolewa, jana yake, usiku ule ule.

Kwa hiyo Sh400,000 zilikwenda. Sh350,000 zikabaki kwa mjomba.

Utapeli huu hauna asili ya Unguja, wala si wa jana. Katika nchi ambazo watu walizoea kulipana kwa hundi, wachoraji wamekuwa wakiupata kwa namna hiyo hiyo kwa miaka mingi: mume anayemnunulia mke, nyumba mpya, haraka, kisha hundi yenye pesa nyingi kuliko bei, na ombi la kumtumia "msafirishaji" ile ziada. Benki huko humwonyesha mteja pesa za hundi kabla hundi yenyewe haijathibitishwa. Mchoraji huona salio limepanda, hutuma ziada kwa roho safi, na wiki mbili baadaye hundi hurudi kuwa ni bandia. Pesa yote huondolewa, na ile aliyoituma kwa "msafirishaji" inakuwa imetoka mfukoni mwake.

Sisi hatuna mazoea ya hundi. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, pesa zetu zimehamia kwenye simu, na tapeli akahamia huko huko. Alichofanya ni kuivua ile hadithi koti la hundi na kuivika risiti ya benki. Kiini hakikubadilika: anakulipa zaidi kwa pesa isiyokuwepo, unamrudishia kidogo kwa pesa iliyopo.

Ukiielewa sentensi hiyo moja, sura zake nyingine utazitambua bila kufundishwa. Anayeuza vikapu, kofia za mkono au picha ndogo za watalii hukutana na sura nyepesi zaidi. Mteja anasema ameshalipa, meseji ya muamala inaingia papo hapo ikiwa na jina, kiasi na namba ya kumbukumbu, na dakika tano baadaye anapiga simu akiwa na wasiwasi mkubwa: "Samahani mama yangu, nimekosea, badala ya elfu thelathini nimetuma laki tatu, nirudishie nina mgonjwa." Mara nyingi meseji hiyo imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wakati meseji ya kweli huingia kwa jina la huduma, chini ya zile meseji za miamala yako ya nyuma. Lakini wako wanaoweza kuigiza hata hilo jina, kwa hiyo usimalize kwenye meseji. Piga *150*00# kama ni M-Pesa au *150*01# kama ni Mixx by Yas, uliza salio, soma tarakimu.

Na kama salio kweli limepanda, mtu amekosea kikweli? Hata hapo mkono wako usirudishe kitu. Aliyekosea ana haki ya kupiga simu kwa kampuni yake ya simu, nao wana utaratibu wa kuurejesha muamala. Atakayesisitiza umtumie wewe mwenyewe, tena kwa namba tofauti na ile iliyoleta pesa, anakuambia yeye ni nani.

Majina ya huduma nayo hayasaidii. Novemba 2024 Tigo na Zantel ziligeuzwa jina kuwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Bibi aliyezoea Zantel yake miaka na miaka hawezi kulaumiwa akipokea meseji yenye jina asilolijua na kudhani ni jina jipya jingine. Kipindi cha namna hiyo ni cha mavuno kwa tapeli.

Kwa wanaouza nje kuna suala la PayPal, na hapa vijana wengi huingizwa mjini kwa sababu ya kutojua jambo moja dogo. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania, kwa miaka mingi, imekuwa ya kulipia na si ya kupokelea malipo. Mteja wa kweli wa Ulaya huenda asilijue hilo, akajaribu, akashindwa, akauliza njia nyingine. Tapeli anajaribu na "anafanikiwa". Barua pepe inaingia, nzuri, yenye rangi zile zile, ikisema umelipwa dola 600 ila pesa zimezuiliwa mpaka akaunti yako ipandishwe daraja, na kupandisha daraja kunahitaji dola 100 ambazo mnunuzi atakusaidia kuelekeza pa kuzituma. Hakuna huduma ya malipo inayomtaka anayelipwa alipe kwanza kwa mtu binafsi ili apewe chake. Kinachotakiwa ni kuiacha hiyo barua pepe, kufungua akaunti yako mwenyewe kwa njia unayoingilia siku zote, na kuangalia. Usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua.

Machi 2021 picha ya kidijitali ya Mmarekani anayejiita Beeple iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69, na dunia nzima ikaanza kuzungumzia NFT. Baada ya hapo wachoraji wakaanza kupata ujumbe wa watu wanaotaka kununua kazi zao kwa njia hiyo kwa maelfu ya dola, sharti mchoraji alipe kwanza "ada ya mtambo" kwenye tovuti fulani. Tovuti ni ya tapeli, na ada ndiyo biashara nzima. Hakuna zaidi la kueleza hapo.

Lakini kwa nini wachoraji? Muuza mchele naye ana simu, na hapati wateja wanaompenda kiasi hicho.

Sababu ya kwanza ni bei. Kilo ya mchele ina bei inayojulikana mtaa mzima, picha haina. Msichana wa Amani hakuwa na njia ya kujua kama laki tisa ni nyingi au kidogo, kwa hiyo mtu aliyeikubali bila maneno hakumshangaza. Alimthibitishia kile alichokitamani. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limebaki kuwa jina la uchoraji wake, aliuza vibao vyake Dar es Salaam nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mpaka alipofariki mwaka 1972. Alimwona mnunuzi usoni, akaiona noti, picha ikaondoka. Leo mnunuzi ni kiduara kidogo chenye picha ya mzungu anayetabasamu, na kiduara hicho kinaweza kuwa cha mtu yeyote, aliyeko popote.

Sababu ya pili ni sifa. Mtu anayeunda kitu kwa mikono yake, nyumbani, huku jirani wakimuuliza ataolewa lini au ataajiriwa lini, ana kiu ya kusikia kwamba kazi yake ni nzuri. Tapeli huanza na hilo kabla ya kutaja pesa. Msichana alikuja kumwambia mama yake kwamba katika miaka mitatu ya kuchora, mtu aliyeieleza picha yake vizuri kuliko wote alikuwa yule mwizi. Neno hilo mama alilikumbuka kuliko hasara ya mabati.

Baadaye kikaja kipindi ambacho hakionekani kwenye meseji yoyote. Msichana hakulala usiku wa Jumanne wala wa Jumatano. Chakula kilimshinda. Aliifuta akaunti yake ya Instagram yenye picha zaidi ya mia, kisha akaigeuza picha nyingine iliyokuwa nusu ikatazama ukuta. Mama, ambaye ana presha na anatumia dawa kila siku, alipitisha siku mbili bila kumeza vidonge kwa sababu kichwa chake hakikuwepo. Nyumba nzima ilikuwa kama ya msiba usiokuwa na maiti.

Mwili unapopata mshtuko wa namna hii, haujui kama aliyekushtua ni jambazi wa panga au wa simu. Moyo hupiga mbio, usingizi hukatika, tumbo huuma, mtu hurudia tukio lile lile kichwani akijiuliza kwa nini hakuona. Kwa wengi hupungua ndani ya siku chache wakipata mtu wa kuzungumza naye. Mwenye presha au sukari asiache dawa zake hata siku moja, kwa sababu huo ndio wakati anapozihitaji zaidi. Na kijana anayepitisha wiki mbili halali, hali, hatoki chumbani, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, apelekwe kituo cha afya, na kwa neno hilo la mwisho apelekwe siku hiyo hiyo bila kusubiri wiki mbili zitimie. Jina la Kidongo Chekundu bado linawatisha watu Unguja, na wapo wanaoona ni bora mtoto ateseke kuliko kuonekana kwenye geti lile. Si lazima kuanzia huko. Daktari wa kituo cha karibu anaweza kumsikiliza na kumwelekeza panapofaa.

Mengi ya hayo yangepungua kama hasara ingesemwa mapema, na hapa wazazi wana mkono wao. Mtapeliwa hukaa kimya kwa sababu anaijua hotuba inayomsubiri. "Nilikwambia hizo simu." "Msomi mzima." "Pesa ya mchezo ya watu." Kila mtoto wa Kizanzibari anaweza kuikariri hotuba hiyo kabla haijaanza. Kwa hiyo husubiri, hujaribu kuirudisha pesa kimyakimya, na jaribio lenyewe mara nyingi ni kutuma pesa nyingine, kwa kuwa tapeli humwambia kwamba akimalizia kidogo tu vyote vitaachiliwa. Zile Sh350,000 za pili ndivyo zilivyokuwa zinaelekea.

Kimya hicho kina gharama ya dakika. Pesa iliyotumwa kwa simu inaweza kuzuiwa kama bado haijatolewa, na anayeiba anajua hivyo, ndiyo maana huitoa haraka. Aliyepiga 100 ndani ya dakika kumi ana nafasi. Aliyepiga baada ya siku nzima ya kuogopa kumwambia baba hana. Mjomba wa Mwanakwerekwe, ambaye ameona mengi kwenye dirisha la kibanda chake, anasema wanaorudishiwa ni wale wanaokuja wakikimbia, bado wana jasho, hawajapata muda wa kuona haya.

Baada ya kampuni ya simu kuna Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo imeweka namba 15040 ya kupelekewa meseji za kitapeli pamoja na namba zilizozituma. Halafu kuna kituo cha polisi. Udanganyifu wa mtandaoni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayekwenda kuripoti aende na mazungumzo yote, namba iliyopokea pesa, kiasi, saa, na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kufuta mazungumzo kwa hasira, kama alivyofanya msichana na Instagram yake, ni kumsaidia mwizi. Bahati nzuri risiti ile ya uongo mama alikuwa amemwomba amtumie kwenye simu yake, amwonyeshe shoga yake. Ikabaki.

Namba ya "wakala wa mizigo" ilikuwa imesajiliwa, kwa jina kamili la mtu. Hilo huwashangaza wengi: si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole? Ndiyo, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Lakini jina lililosajiliwa si lazima liwe la anayeitumia. Mzee anakwenda kusajili laini kwa kijana wa mwavuli, anaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, anaweka tena, na laini ya pili inazaliwa bila yeye kujua. Laini hiyo ndiyo inayouzwa kwa matapeli. Siku polisi wanapofuata jina, wanaweza kumkuta mtu anayepalilia mihogo yake, hajui kitu.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo mtoto anaweza kumfanyia bibi yake leo kabla ya kula. Achukue simu ya bibi, apige *106#, afuate maelekezo. Zitaonekana namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikiwepo asiyoijua, aende naye duka la kampuni hiyo ikafutwe. Mama wa msichana alipofanya hivyo alikuta laini tatu, wakati anamiliki mbili.

Mitaa miwili kutoka hapo anaishi mshona kofia, mama wa makamo, anayeuza kofia za viua kwa Waswahili walioko Muscat. Kazi yake ni ya wiki nyingi kwa kofia moja, tundu baada ya tundu, na amekuwa akiuza kwa WhatsApp tangu mtoto wake wa kwanza alipomnunulia simu. Naye hajasoma zaidi ya darasa la saba. Ndani ya kifuniko cha kopo lake la nyuzi amebandika kikaratasi alichokiandika kwa mkono: nusu ya pesa kabla ya kuanza, nusu kabla ya kutuma, na sirudishi ziada kwa mtu. Mteja akilipa zaidi kwa bahati mbaya, humwambia amwombee benki irejeshe, yeye hagusi. Wako waliokasirika na kuondoka, na anasema hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurudi.

Alipoonyeshwa mazungumzo ya mlango wa bluu, aliyasoma yote, polepole, akivuta miwani. Kilichomtia shaka hakikuwa risiti. Alisema mteja huyu hasumbui. Wateja wake wa kweli wanamchosha: wanataka video, wanataka kuona upande wa ndani wa mshono, wanasema bei ya mwaka jana ilikuwa nafuu, wanalala siku tatu bila kujibu, wanarudi na swali jingine. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mmoja, bibi wa Kizanzibari aliyehamia Muscat zamani, aliyetuma ujumbe wa sauti wa dakika sita kulalamika kwamba kofia ya mwisho ilimbana mumewe kwenye paji. Akataka nyingine, sentimita 57, maua yasiwe makubwa kama yale ya kwanza, na apunguziwe kidogo kwa usumbufu.

Mshona kofia akampunguzia. Kisha akakaa akisubiri nusu ya kwanza, na haikuingia siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu meseji ikaingia. Aliiacha meseji, akapiga namba ya salio, akalisoma mara mbili, ndipo akakata kitambaa.